Saa Sabini na Mbili

Kwa maradhi mengi mgonjwa huulizwa anaumwa wapi. Kwa dawa ninayokusudia kuieleza swali la kwanza ni jingine: tangu jambo litokee, zimepita saa ngapi? Ni dawa ya kumkinga mtu ambaye huenda ameguswa na virusi vya Ukimwi, nayo hospitalini hujulikana kwa jina la PEP. Humezwa siku 28, na yapasa ianzwe kabla ya saa 72 kupita.

Hesabu hizi zina nasaba yake. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kufikia 1986 hapakuwa na mkoa wa Bara uliosalimika, Ruvuma ukiwamo. Dawa ya kwanza ya kupigana na virusi hivyo, zidovudini, iliidhinishwa Marekani mwaka 1987. Walioihitaji mapema kama kinga ni wauguzi na madaktari waliochomwa na sindano zenye damu ya wagonjwa. Hatari ya mchomo mmoja ni ndogo, kama watu 3 katika 1,000, lakini nani apendaye kuwa mmoja wa hao watatu? Mwaka 1997 wataalamu wa Marekani na Ulaya walitangaza kwamba wamelinganisha wahudumu 33 walioambukizwa kwa ajali hizo na wengine 665 waliosalimika. Wakaona zidovudini ilipunguza hatari kwa kadiri ya asilimia 81.

Kuwapa baadhi ya wanadamu dawa, na wengine kidonge kitupu, kungekuwa ukatili. Basi kima waliubeba mzigo huo. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 1998, kima waliotiwa virusi vya jamaa ya Ukimwi, wakaanzishiwa tenofovir katika saa 24 na kuendelea siku 28, waliokoka wote. Waliocheleweshwa hadi saa 48 au 72, au waliokatishiwa siku, hawakuokoka wote. Msomaji asidhani, basi, kuwa saa ya 71 ni sawa na ya pili. Virusi vikiisha kujiandika katika chembe hai za mwili havifutiki. Dawa huwahi kuizuia kalamu.

Kinga ya wauguzi haikuwafikia upesi waliobakwa. Serikali ya Afrika Kusini ilikubali kuwapa mwaka 2002, baada ya ubishi mwingi. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mmoja kwa wote, aliyechomwa kazini na aliyedhulumiwa gizani.

Sasa tuipeleke saa hiyo Namswea, wilayani Mbinga, katika nchi ya Wamatengo, ambako milima hurefusha kila safari na mvua huitelezesha njia. Tuseme binti amebakwa Ijumaa, saa 4 usiku. Aona haya kusema hadi Jumapili. Wazee wataka kuketi kwanza. Yaamuliwa aende Jumatatu, saa 2 asubuhi. Saa 58 zimekwisha liwa, na safari haijaanza. Siwalaumu wazee kwa kupenda shauri, lakini kikao chaweza kungoja. Fomu ya polisi, PF3, ina kazi yake mahakamani, nayo haina budi kutafutwa. Dozi ya kwanza isiingojee, wala isingojee majibu ya damu.

Mwaka 2024 Shirika lilishauri dawa hii itolewe pia nje ya hospitali, karibu na wakaapo watu, na wahudumu wasio madaktari waruhusiwe kuianzisha. Ushauri huo ukitimizwa katika zahanati za milimani, binti wetu angeweza kumeza kidonge cha kwanza Jumamosi asubuhi, muda wa saa 10 tu ukiwa umepita. Lakini ingempasa amwambie mtu usiku uleule, na mtu huyo awe anajua kwamba dawa ipo.