Habari ya ARN Ndogo Zinazonyamazisha Jeni

Mwili wa mtu umejengwa kwa seli nyingi mno, ndogo hata jicho haliwezi kuziona bila darubini ya kukuzia. Seli ya ini na seli ya ubongo hazifanani kwa umbo wala kwa kazi. Lakini ndani ya kila moja mna maandishi yale yale tuliyorithi kwa baba na kwa mama. Basi, kama maandishi ni mamoja, nani anayeiambia seli ya ini isifanye kazi ya ubongo? Jibu lina sehemu nyingi. Leo tutaeleza sehemu moja tu. Ilikaa mbele ya wataalamu miaka mingi bila kutambuliwa, kwani ilikuwa ndogo mno, na walioiona waliidhani takataka.

Kitabu na barua

Kwanza tuelewe kazi ya seli. Mwaka wa 1953, huko Cambridge katika Uingereza, James Watson na Francis Crick walieleza umbo la ADN. Hiyo ADN ni kama kitabu kikubwa kilichoandikwa kwa herufi nne tu, na kila sura ya kitabu inaitwa jeni. Kitabu hakitoki ofisini, yaani katika kiini cha seli. Kazi ikihitajiwa, sura moja inanakiliwa katika barua, na barua hiyo ni ARN. Inapelekwa nje kwa mafundi, nao wanaisoma na kutengeneza protini. Protini ndizo zinazojenga mwili na kuuendesha. Mwaka wa 1961 wataalamu walithibitisha kwamba barua hiyo ya ARN ipo kweli.

Mwaka ule ule François Jacob na Jacques Monod, wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, walionyesha kwamba katika bakteria jeni moja yaweza kuifunga jeni nyingine. Walidhani kwamba kinachopeleka amri ya kufunga chaweza kuwa ARN. Lakini mwaka wa 1966 Walter Gilbert na Benno Müller-Hill walikikamata kitu chenyewe, wakakuta ni protini. Tangu hapo wengi walifundisha kwamba protini ndizo zinazotoa amri, na ARN ni tarishi tu. Fundisho hilo halikuwa la uongo, lakini halikuwa kweli yote.

Mnyoo wa milimeta moja

Katika udongo mna mnyoo mdogo unaoitwa Caenorhabditis elegans. Urefu wake ni kama milimeta moja, na mwili wake unapenya nuru. Mnyoo mkubwa una seli 959 za mwili, hata wataalamu waweza kuzihesabu moja moja. Ndiyo sababu Sydney Brenner aliuchagua ili achunguze namna mwili unavyokua.

Katika miaka ya 1980, vijana wawili walifanya kazi juu ya mnyoo huo kwa Robert Horvitz, huko Marekani: Victor Ambros na Gary Ruvkun. Walichunguza jeni mbili, lin-4 na lin-14. Lin-4 ikiharibika, mnyoo hurudia hatua za utoto, na viungo vya utu uzima havitokei. Lin-14 ikiharibika, mambo hugeuka: mnyoo huruka hatua za utoto. Ikaonekana kwamba lin-4 inaizuia lin-14. Lakini inaizuia namna gani?

Baadaye kila mmoja alipata mahali pake pa kazi. Ambros, pamoja na mkewe Rosalind Lee na mwenzao Rhonda Feinbaum, walitafuta protini ya lin-4 kwa miaka. Walikikata kipande cha ADN kikawa kifupi, tena kifupi zaidi, na bado kilifanya kazi. Mwishoni wakaona kwamba protini haipo kabisa. Kilichokuwapo ni ARN fupi mno, yenye herufi 22 tu. Wengi wangeiona kuwa kipande kilichovunjika, wakaitupa.

Upande wa pili, Ruvkun na wenzake waliona neno jingine la ajabu. Barua ya lin-14 iliandikwa kama kawaida, lakini wakati ulipofika protini yake haikutengenezwa. Tena sehemu ya barua iliyohitajiwa kwa kuzuia kazi ilikuwa mkiani, mahali pasipo na habari ya kutengeneza protini. Ni kama maneno yaliyoandikwa chini ya sahihi.

Mwaka wa 1992 wawili hao walipeana herufi zao, wakaziweka sambamba. Katika ARN, herufi A hushikana na U, na C hushikana na G, kama vidole vya mikono miwili vinavyoingiliana. Wakaona kwamba herufi za lin-4 zinashikana na mkia wa lin-14, si mahali pamoja, ila mahali saba. Basi ARN ndogo haizuii kitabu kunakiliwa. Inaikamata barua njiani, na fundi hawezi kuisoma.

Habari hiyo ilitolewa mwezi wa Desemba 1993, katika masomo mawili ya jarida Cell. Walio wengi hawakushtuka. Walisema ni desturi ya mnyoo tu, haituhusu sisi watu.

Maua yaliyokataa rangi

Sasa turudi nyuma miaka mitatu, twende kwenye maua. Mwaka wa 1990, huko California, Carolyn Napoli na Richard Jorgensen walitaka kuyapatia maua ya petunia rangi ya zambarau iliyokolea. Wakaiongezea mimea jeni nyingine ya rangi. Walitazamia rangi iongezeke, lakini mimea mingi ikatoa maua meupe, au yenye mabaka meupe. Jeni iliyoongezwa ilinyamaza, na ile ya asili ikanyamaza pamoja nayo. Hawakuficha jambo hilo kana kwamba ni aibu. Waliliandika wazi, na wengine wakaanza kuulizana.

Mwaka wa 1995 Su Guo na Kenneth Kemphues walikuta fumbo la namna hiyo katika mnyoo. Walitia ndani yake ARN iliyopaswa kufunga jeni, ikafunga. Kisha, kwa kulinganisha, wakatia ARN ya upande wa pili, ambayo haikupaswa kufanya lolote. Nayo ikafunga!

Fumbo lilifumbuliwa mwaka wa 1998 na Andrew Fire, Craig Mello na wenzao. Walitia katika minyoo ARN yenye uzi mmoja, kwanza wa upande huu, kisha wa upande ule. Matokeo yalikuwa madogo. Halafu wakatia nyuzi zote mbili zilizoshikana. Hapo jeni ilinyamaza kabisa, na minyoo ikatetemeka kama ile iliyozaliwa bila jeni hiyo. Vipande vichache tu kwa kila seli vilitosha. Kumbe katika majaribio ya kwanza nyuzi mbili zilikuwa zimechanganyika kidogo bila watu kujua.

Mwaka wa 1999 Andrew Hamilton na David Baulcombe, huko Norwich katika Uingereza, walikuta ndani ya mimea iliyonyamazishwa ARN fupi za herufi 25 hivi. Baadaye kazi nzima ikaeleweka. Seli ikiona ARN ya nyuzi mbili, protini iitwayo Dicer inaikata vipande vifupi. Protini nyingine, jina lake Argonaute, inashika uzi mmoja wa kipande kama askari anayeshika picha ya mtu anayetafutwa. Kila barua inayolingana na picha hiyo inakamatwa na kukatwa.

Ilijulikana pia kwamba njia ya mnyoo na njia ya maua ni ndugu. Mwaka wa 2000 nyumba ya kazi ya Ruvkun ilipata ARN ndogo ya pili, let-7, na hiyo ilionekana hata katika nzi, samaki na mtu. Hakuna aliyeweza tena kusema ni desturi ya mnyoo. Leo zinajulikana ARN ndogo za namna hii zaidi ya elfu moja katika mtu. Moja yaweza kuzuia barua za jeni nyingi, na barua moja yaweza kuzuiwa na nyingi.

Fire na Mello walipewa Zawadi ya Nobel mwaka wa 2006. Ambros na Ruvkun walingoja mpaka mwaka wa 2024, zaidi ya miaka 30 baada ya masomo yao.

Katika shamba la mihogo

Wengine watauliza: habari hii inatufaa nini sisi? Tutazame mihogo. Kila mkulima anaujua ugonjwa wa mosaiki: majani yanakuwa na mabaka ya manjano, yanajikunja, na mizizi inabaki midogo. Virusi vyake vinachukuliwa na nzi weupe wadogo, na vilevile na fimbo za mbegu zilizokwisha kuugua. Mhogo hauna damu wala askari za damu kama sisi, lakini unazo ARN ndogo. Unazikata barua za virusi vipande vipande. Wakati mwingine shina lililougua linatoa majani mapya yaliyo safi. Ni alama kwamba silaha hiyo imefanya kazi.

Lakini virusi navyo vina protini za kuivunja silaha. Wataalamu walionyesha kwamba virusi vya namna mbili vikiingia pamoja katika mhogo mmoja, vinasaidiana: kimoja kinaizuia silaha mapema, kingine baadaye. Ndivyo ilivyokuwa katika ugonjwa mkali ulioharibu mashamba ya Uganda katika miaka ya 1990, ukaenea mpaka Kongo. Basi shauri la zamani lina maana yake: tusikate mbegu kwenye shina lenye mosaiki, hata kama jirani anatupa bure.

Katika nyumba ya wagonjwa

Kwa watu vilevile. Mwaka wa 2002 ilionekana kwamba, katika kansa moja ya damu, ARN ndogo mbili mara nyingi zimepotea au zimepungua. Na watoto wanaozaliwa na jeni ya Dicer iliyoharibika wana hatari ya kupata vivimbe vya kansa.

Mwaka wa 2001 Thomas Tuschl na wenzake walinyamazisha jeni katika seli za mtu kwa kutumia ARN fupi za herufi 21. Ikawezekana kufikiri juu ya dawa. Miaka 17 ikapita, kwani ARN huharibika upesi katika damu, na ni vigumu kuifikisha mahali pake. Mwaka wa 2018 Marekani iliruhusu dawa ya kwanza, patisiran. Inasaidia watu wenye ugonjwa wa kurithi ambao ini lao linatoa protini mbovu inayoharibu neva, hata mgonjwa anashindwa kutembea. Dawa inazuia barua ya protini hiyo ndani ya ini.

Tusiwadanganye wasomaji. Ilipotoka, bei yake ilipita dola 400,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Elimu ilipatikana kwa mnyoo wa udongo usionunuliwa na mtu, lakini dawa yake ni mbali na nyumba za wagonjwa zetu. Kazi hiyo bado haijakwisha, na haitakwishwa na wataalamu peke yao.

Neno la mwisho kwa wazazi na walimu. ARN ndogo haikugunduliwa na watu waliopata walichotazamia. Mmoja alitafuta protini akapata herufi 22. Wengine walitafuta zambarau wakapata weupe. Hawakurekebisha hesabu ili ipatane na kitabu. Waliandika walichoona, wakauliza sababu. Basi mtoto akituambia shuleni kwamba jaribio lake limetoka vingine, tusimkaripie upesi na kumwamuru aandike jibu la kitabu. Kwanza tumwulize: umeona nini?