Kipakatalishi kikizubaa: Uongeze RAM au ubadilishe diski?

WAKENYA wengi humudu vipakatalishi vilivyokwisha kutumika ng’ambo, na walimu, wanafunzi wa vyuo na wenye vibanda vya kupiga chapa katika eneo la Naitiri, Kaunti ya Bungoma, hawajasazwa. Mashine hizo huja zikiwa na miaka kadhaa mgongoni, na punde si punde huanza kuzubaa. Hapo ndipo mwenyewe hukabiliwa na swali: pesa chache alizo nazo aongezee kumbukumbu ya kufanyia kazi, maarufu kama RAM, au abadilishe diski ya kuhifadhia kazi?

Uamuzi huo si wa kupuuzwa. Kipuri kisichooana na mashine humlazimu mkazi wa Naitiri kufunga safari nyingine hadi Kitale au mjini Bungoma. Aidha, diski ikifa kabla ya kazi kunakiliwa, alama za wanafunzi wa muhula mzima au tasnifu ya chuo hupotea nayo.

Tofauti ya RAM na diski

Wengi huchanganya mambo haya mawili kwa kuwa yote hupimwa kwa gigabaiti (GB). Chukua mfano wa mwalimu anayesahihisha mitihani. Mwalimu ndiye prosesa, meza yake ndiyo RAM, na kabati la stoo ndilo diski. Karatasi zote hukaa kabatini, lakini haziwezi kusahihishwa mpaka ziletwe mezani.

Meza ikiwa ndogo, mwalimu hurudisha baadhi ya karatasi kabatini ili apate nafasi, kisha huzifuata tena anapozihitaji. Tarakilishi hufanya vivyo hivyo: RAM ikijaa, huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski. Na kabati likiwa mbali, kila safari humpotezea muda. Ndiyo maana upungufu wa RAM na uzito wa diski huweza kuonyesha dalili zinazofanana.

Tofauti nyingine ni kwamba RAM husahau kila kitu umeme unapokatika, ilhali diski huhifadhi. Mwenye mashine ambayo betri yake imekufa anajua vyema uchungu wa stima kupotea kabla hajahifadhi alichoandika.

Pima kabla ya kununua

Usinunue chochote kwa kukisia. Washa kipakatalishi, fungua programu zote unazotumia siku ya kawaida, kisha bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Katika mfumo wa Windows, hatua hiyo hufungua Task Manager. Enda kwenye sehemu ya utendakazi utazame mambo mawili: kiasi cha kumbukumbu kinachotumika na kiwango cha shughuli za diski.

Ikiwa kumbukumbu imetumika nusu tu lakini diski imekwama karibu na asilimia 100 kwa dakika nyingi, tatizo ni diski. Ikiwa kumbukumbu imepita asilimia 85 kila unapofanya kazi, na mashine huwa nyepesi unapofunga baadhi ya programu, tatizo ni RAM.

Ikiwa vyote viwili viko juu, huenda meza imejaa na safari za kabatini zimezidi.

Sehemu hiyohiyo huonyesha aina ya diski iliyomo. Diski ya zamani ina visahani vinavyozunguka, aghalabu mara 5,400 kwa dakika, na kijisindano kinachotafuta data juu yake. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka. Data hukaa ndani ya vipande vya elektroniki.

Wakati wa kuanza na diski

Mwenye mashine yenye RAM ya GB 4 au zaidi lakini ingali inatumia diski ya kuzunguka, aanze na SSD. Diski ya kuzunguka husoma takriban megabaiti 100 kwa sekunde, na SSD ya kawaida ya aina ya SATA hufikia 500. Tofauti huwa kubwa zaidi katika kusaka faili ndogondogo zilizotawanyika, kazi ambayo mashine huifanya inapowaka. Mashine iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka huweza kuwaka kwa nusu dakika. RAM, hata iongezwe mara nne, haiwezi kuleta nafuu hiyo.

Isitoshe, anayebeba kipakatalishi kwa bodaboda kwenye barabara ya murram ana sababu ya ziada. Mtikiso unaweza kukigonganisha kijisindano na kisahani kinachozunguka, na hapo data huharibika. SSD haina hatari hiyo. Ambaye angali na diski ya zamani azime mashine kabisa kabla ya safari. Kufunga kifuniko pekee hakutoshi.

Hata hivyo, diski iliyojaa si sawa na diski nzito. Kama shida ni nafasi tu, kufuta video au kuzihamishia kwenye diski ya nje huenda kukatosha.

Wakati wa kuanza na RAM

Ambaye mashine yake tayari ina SSD, na bado hukwama anapofungua kurasa nyingi za mtandao pamoja na nyaraka, aongeze RAM. Kutoka GB 4 hadi GB 8 ni hatua ambayo mtu wa kawaida huihisi mara moja. GB 16 humfaa zaidi mhariri wa video au mwanafunzi wa uhandisi. Kupita mahitaji yako ni kutupa pesa, kwa maana meza kubwa iliyo tupu haimwongezei mwalimu kasi.

Mashine ya GB 2 haitaokolewa na kimoja kati ya hivyo viwili. Huhitaji vyote, au iachwe.

Mambo ya kuthibitisha dukani

Andika modeli kamili ya mashine kabla ya kuondoka nyumbani. RAM ya DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani, kwani hata pengo la kuchomekea liko mahali tofauti. Ya kipakatalishi pia ni fupi kuliko ya tarakilishi ya mezani. Kagua kama kuna nafasi ya pili iliyo wazi, na kiwango cha juu ambacho mashine hukubali.

Baadhi ya vipakatalishi vyembamba vina RAM iliyochomelewa kwenye bodi na haiwezi kuongezwa. Vingine vya bei nafuu vina hata hifadhi iliyochomelewa. Kwa upande wa SSD, kuna ya umbo la inchi 2.5 na ile nyembamba iitwayo M.2, fundi athibitishe ni ipi inayoingia.

Jihadhari na diski bandia zinazodai ukubwa zisiokuwa nao. Taka kifungwe na kijaribiwe ukiwapo, upewe risiti na waranti ya maandishi. Kumbuka pia kuwa mwishoni mwa 2025 bei ya RAM ilipanda kote duniani, viwanda vilipoelekeza uzalishaji kwenye mitambo ya akili bandia. Ulizia bei katika maduka kadhaa.

Okoa kazi yako kwanza

Diski inayotoa sauti ya kugonga, au inayoshindwa kufungua faili ilizokuwa ikizifungua, inakaribia kufa. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo huonyesha afya yake. Hapo mjadala wa RAM umekwisha: nakili kazi mahali pengine siku hiyohiyo, kisha ubadilishe diski.

Diski ya zamani irudi nyumbani nawe. Ndani yake kuna nambari za kitambulisho, taarifa za ushuru na picha za familia. Ikiwa ingali nzima, itie kwenye kasha la USB uitumie kuwekea nakala.

Mashine isiyostahili kugharamiwa

Microsoft ilikomesha huduma za kawaida za usalama kwa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025. Windows 11 nayo huhitaji angalau RAM ya GB 4, hifadhi ya GB 64, kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na prosesa iliyo katika orodha ya kampuni hiyo. Kwa Intel, nyingi ni za kizazi cha nane kuendelea. RAM na SSD haziwezi kuibadilisha prosesa iliyopitwa na wakati.

Mwenye mashine kama hiyo anaweza kuweka mfumo wa bure wa Linux na kuendelea kuitumia kwa uandishi na mtandao. Lakini iwapo gharama ya vipuri na fundi inakaribia nusu ya bei ya mashine mpya zaidi iliyotumika, ni heri aweke akiba anunue hiyo. Mwenye mashine ya kizazi kipya yenye diski ya kuzunguka aanze na SSD, na RAM ifuate mfuko ukiruhusu.