Vitabu vya Kale na Kijana wa Chuo Kikuu

Mzee mmoja wa hapa Vwawa alitujia jioni, akasema, "Walimu, nimeuza kahawa yangu ili mwanangu aende Chuo Kikuu. Sasa aniambia kwamba asoma maneno ya Wayunani waliokufa zamani. Yatamfaa nini huku Mbozi?" Tulinyamaza kwanza, maana swali la mtu aliyetoa jasho lake halijibiwi kwa haraka. Tena twakumbuka jinsi sisi wenyewe, tulipokuwa wageni wa vitabu hivyo, tulivyosoma ukurasa mmoja mara tatu tusiambulie kitu, tukaona haya kuuliza.

Na tuanze na asili ya jambo hili. Sokrate wa Athene hakuandika kitabu hata kimoja. Alikaa sokoni akiwauliza watu haki ni nini na ushujaa ni nini, hata wenye kujiona wajuzi wakaonekana kuwa hawajui. Mwaka 399 kabla ya Kristo alihukumiwa kufa, akanywa sumu. Mwanafunzi wake Plato ndiye aliyeandika mazungumzo ya namna ile. Baada ya miaka karibu 450 Mtume Paulo akahojiana na wanafalsafa katika mji uo huo, kama tusomavyo katika Matendo ya Mitume, sura ya 17.

Lakini mfano ulio karibu nasi ni wa Julius Nyerere. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa mtemi wa Wazanaki aliyekuwa na wake 22. Mama yake, Mugaya, alikuwa mke wa tano. Mwaka 1943 aliingia Makerere, Uganda, akajifunza ualimu hata mwaka 1945. Huko alisoma maandiko ya John Stuart Mill, mwanafalsafa Mwingereza aliyetoa kitabu mwaka 1869 juu ya kutiishwa kwa wanawake. Mill alisema kwamba hakuna awezaye kujua asili ya mwanamke ilivyo, maadamu mwanamke hajapata kuachwa huru aionyeshe. Naye alikwisha kuomba katika Bunge la Uingereza, mwaka 1867, wanawake wapewe kura. Wabunge 73 wakamkubali, na 196 wakamkataa.

Kijana yule angaliweza kuyakariri hayo kwa ajili ya mtihani tu. Hakufanya hivyo. Aliyapima kwa mambo aliyoyaona kwao, akaandika insha juu ya uhuru wa wanawake, akitazama hali ya wanawake wa kabila lake. Baadaye, mwaka 1949, alikwenda Edinburgh, akapata shahada mwaka 1952. Na falsafa ya maadili ilikuwa miongoni mwa masomo yake. Hatusemi kwamba kitabu kimoja huzaa sheria. Lakini alipokuwa Rais, ilitungwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyompa mke haki sawa na mume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza.

Basi kijana aanzaye masomo hayo asome kidogo kidogo. Kwanza atafute swali ambalo mwandishi alitaka kulijibu. Kisha alieleze jibu lake kwa Kinyiha, kama amwelezaye mama yake jikoni. Akishindwa, ajue kwamba bado hajaelewa, arudi kusoma. Mwisho ashindane na mwandishi, maana Plato naye alikuwa mtu, na watu hukosea.

Mzee yule tulimjibu hivi: "Baba, mwanao akirudi likizo huenda akakuuliza: Kahawa tulipanda sote, na mama ndiye aliyechuma siku nyingi, zilipolipwa fedha, nani alizihesabu? Ujue hapo ya kuwa vitabu vimeanza kumfaa." Mzee akakaa kimya kitambo, kisha akaaga, akaenda zake.

Hatukumlaumu. Swali hilo latupata na sisi walimu, ambao wake zetu hulima nasi twaenda shuleni na chaki mkononi. Kwa hiyo, vijana, someni bila haya. Na sisi wazazi, tukiulizwa, tusiwanyamazishe kwa kuwa ni watoto wetu, yatupasa kujibu.