Mwendo, Rangi na Hesabu: Njia Tatu za Kumtambua Kimelea

Tarehe 6 Novemba 1880, katika hospitali ya kijeshi mjini Constantine, Algeria, daktari Mfaransa Alphonse Laveran aliweka chini ya hadubini tone la damu mbichi ya askari mwenye homa ya malaria. Kandokando ya kitu kimoja cha mviringo aliona nyuzi nyembamba zikichapa huku na huku na kuzisukuma chembe nyekundu zilizo jirani. Kwake hoja ilikwisha pale pale: kinachojongea namna hiyo ni hai, na kilicho hai ndani ya damu ya mgonjwa ni kimelea. Miaka hiyohiyo, Roma, Ettore Marchiafava na Angelo Celli nao walichunguza damu ya wagonjwa wa homa ileile, ila yao ilikuwa imekaushwa na kutiwa rangi ya buluu ya methilini. Waliona madoa ndani ya chembe nyekundu, na kwa muda wakayahesabu kuwa ni dalili ya chembe kuharibika tu. Ugonjwa ulikuwa mmoja na chombo kimoja. Kilichotofautiana ni aina ya ushahidi ambao kila upande uliukubali.

Tofauti hiyo haikutokana na uhodari wa huyu au uzembe wa yule. Ukiipitia historia ya kutambua vijidudu kwa hadubini, utakuta mila tatu zilizokua mahali mbalimbali, kila moja na swali lake. Ya kwanza huuliza: je, kinakwenda? Ya pili: kinashika rangi gani? Ya tatu: viko vingapi?

Mila ya mwendo ndiyo kongwe. Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa Delft, Uholanzi, alijitengenezea hadubini za lenzi moja na kuandika barua zake kwa Kiholanzi kwenda Royal Society ya London. Mwaka 1681 alichunguza choo chake mwenyewe alipokuwa akiharisha, akakuta vidudu vinavyojongea ambavyo wataalamu wa leo wanaamini vilikuwa giardia. Hakuwa na rangi ya kuvipaka wala orodha ya majina ya kuvilinganisha nayo. Mwendo wao ndio uliomwambia kwamba hayo si makapi ya chakula. Zaidi ya karne mbili baadaye, kule Entebbe, Uganda, wakati malale ikiteketeza watu wa kando ya Ziwa Victoria, Mwitaliano Aldo Castellani aliona tripanosoma, vimelea vya ugonjwa huo, wakijongea katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Hata sasa, tripanosoma katika damu mbichi hugunduliwa kwanza kwa fujo yake: chembe nyekundu zinatikisika kabla mwenye kuzitikisa hajaonekana.

Mila ya rangi inaanza pale ambapo mwendo unashindwa. Bakteria wa kifua kikuu hawatembei. Mtu angeweza kukodolea makohozi mabichi kutwa nzima na asiwabaini. Robert Koch alipowatangaza mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, silaha yake ilikuwa rangi; muda mfupi baadaye Franz Ziehl na Friedrich Neelsen wakaiboresha mbinu hiyo hadi bakteria hao wakaonekana vijiti vyekundu juu ya uwanja wa buluu, rangi ambayo hata tindikali haiwezi kuing'oa. Mwaka 1884, mjini humohumo Berlin, Mdenishi Hans Christian Gram alipata njia inayowagawa bakteria mafungu mawili, wa zambarau na wa waridi, kulingana na jinsi ukuta wa seli zao ulivyojengwa. Kwa upande wa damu, Dmitri Romanowsky wa St. Petersburg alichanganya eosini na buluu ya methilini mwaka 1891 na kukipa kiini cha kimelea cha malaria wekundu wake wa pekee. Gustav Giemsa wa Hamburg akautengemaza mchanganyiko huo mwaka 1904. Giemsa huyu alikuwa ameishi kwetu: kati ya 1895 na 1898 alikuwa mfamasia katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki.

Tuzilinganishe mila hizi mbili kwa haki. Anayetafuta mwendo humkuta kimelea akiwa hai, katika maji yake, akifanya kazi zake. Lakini ni lazima awahi, kwa sababu sampuli ikichelewa kimelea hulala au hufa, na ushahidi hutoweka naye. Anayetumia rangi humuua kwanza. Anachopata badala ya uhai ni utulivu: slaidi iliyotiwa rangi inaweza kutazamwa kesho, kutumwa mji mwingine, au kukaguliwa na jicho la pili. Uchunguzi makini wa umbo ndio uliowawezesha Waitaliano, Camillo Golgi akiwa mmojawao, kutenganisha aina za vimelea vya malaria na kuoanisha kila aina na saa za homa yake, ilhali Laveran alishikilia kwamba kimelea ni kimoja chenye sura nyingi.

Hata hivyo deni lilikuwa la pande zote mbili. Marchiafava na Celli walikubali kwamba waliona kimelea pale walipoigeukia damu mbichi mwaka 1884 na kukishuhudia kikijongea ndani ya chembe. Nazo nyuzi za Laveran zilipata maelezo mwaka 1897, baada ya William MacCallum wa Baltimore kuona, katika kimelea cha damu ya ndege kilicho jamaa ya malaria, uzi wa namna hiyo ukiingia katika chembe ya kike: zilikuwa mbegu za kiume. Jambo hilo kwa kawaida hutokea tumboni mwa mbu, na damu iliyokaushwa upesi haiwezi kulionyesha.

Mila ya tatu ilizaliwa katika swali la jamii kuliko la mgonjwa mmoja. Theodor Bilharz, alipopasua maiti katika hospitali ya Kasr el-Aini mjini Cairo mwaka 1851, alitaka kujua huyu ni mnyoo gani, na akampata mnyoo wa kichocho. Japani ya baada ya Vita Kuu ya Pili ilikuwa na haja tofauti. Watoto wa shule walijaa minyoo, na ilihitajika njia ya kupima wengi kwa muda mfupi. Mwaka 1954 Kato na Miura walieleza mbinu ya kutandaza choo kwenye slaidi na kukifunika kwa kipande cha selofani kilicholowekwa kwenye gliserini, ambayo huking'arisha choo hadi mayai yakaonekana. Mwaka 1972 Naftale Katz na wenzake wa Brazil waliongeza kibao chenye tundu linalobeba miligramu 41.7 za choo. Idadi ya mayai ikizidishwa mara 24, linapatikana jibu kwa kila gramu. Wajapani walileta uwazi, Wabrazil wakaleta kipimo, na jina la Kato-Katz likaziunganisha nchi mbili zilizo pande mbili za dunia.

Hapa umbo halikutupwa. Yai la kichocho cha tumbo bado hujulikana kwa mwiba wake wa ubavuni, na la kichocho cha mkojo, kinachosumbua Unguja na Pemba, kwa mwiba wa mwishoni. Lakini uamuzi umehamia kwenye idadi: kwa kichocho cha tumbo, chini ya mayai 100 kwa gramu ni maambukizi mepesi, kuanzia 400 ni mazito. Nayo hesabu ina gharama yake. Gliserini inayoyaonyesha mayai ya kichocho huyayeyusha machoni mayai ya minyoo ya safura, kwa hiyo slaidi isiposomwa ndani ya saa moja mgonjwa wa safura huandikiwa kwamba hana kitu. Katika malaria vilevile vimelea huhesabiwa dhidi ya chembe nyeupe 200, na tabia hiyo ya kuhesabu imeingia hadi mitaani Tanzania, ambako mtu hueleza kwamba amekutwa na malaria tatu.

Mila zote tatu hukutana leo katika maabara moja ya wilaya, Mwanza au Kisumu. Mtaalamu yuleyule asubuhi hutazama choo kibichi na kumtambua giardia kwa kuelea kwake kama jani linaloanguka, kisha husoma makohozi kwa rangi, kisha akahesabu vimelea katika tone nene la damu. Tena hujua mahali zote zinapokoma. Tripanosoma wa malale ya Kongo na yule wa Tanzania hawatofautiani kwa sura; ni ramani na mwenendo wa ugonjwa vinavyowatenga, na Uganda, iliyo na wote wawili, ndiyo inayoonja ugumu huo zaidi. Amiba anayetoboa utumbo na ndugu yake asiye na madhara hufanana vilevile, isipokuwa yule mkali akikutwa amemeza chembe nyekundu.

Siku hizi kipimo cha haraka cha malaria hutoa jibu ndani ya dakika 15 hadi 20, nacho kimewafaa wengi walio mbali na maabara. Lakini kipimo hicho hakihesabu, na vile vinavyotafuta protini ya HRP2 vinaweza kuendelea kuonyesha malaria majuma kadhaa baada ya vimelea kufa. Ni mila ya nne, yenye swali lake, na haizifuti zilizotangulia. Vyuo vyetu vya maabara visiache kufundisha damu mbichi kwa sababu kuna rangi, wala rangi kwa sababu kuna kipimo cha haraka. Na mgonjwa anayesoma kwenye cheti chake kwamba hakuna kimelea kilichoonekana ana haki ya kuuliza kilitafutwa kwa njia gani.