Umepata Silvia S15? Usikimbilie Turbo Kubwa

Nissan Silvia S15 Spec-R ilitoka Japani kati ya 1999 na 2002. Injini ni SR20DET ya lita 2.0, nguvu farasi 250. Kama uko na hii ndai, panga ganji yako hivi:

1. Afya kwanza. Pima kompresheni, badilisha oili, plagi na mipira ya turbo iliyochoka. Injini ikiwa mgonjwa, busti itaizika tu.

2. Breki na tairi. Speed bila breki ni matanga. Weka pedi poa na tairi zinazoshika barabara.

3. Hewa. Intakula kubwa ya mbele inapoza hewa iliyobanwa na turbo, so injini haigongi ovyo. Nai iko juu sana na hewa ni nyepesi, kwa hivyo turbo inahustle zaidi na joto linapanda. Ekzosi pana inasaidia turbo kuamka mapema.

4. Mafuta na tyuni. Ukipandisha busti na pampu ama injekta hazitoshi, moto unazidi ndani na pistoni inatoboka. Hii ndai ilitengenezewa petroli ya okteni ya juu, so fundi aitune na petroli utakayokuwa unaweka kila siku.

5. Turbo kubwa ikuje mwisho, kama bado unaihitaji.

Na usinyonge SR20 hadi kwa laini nyekundu kila saa. Roka zake zinajulikana kuruka, na hapo buda, unatafuta injini ingine.