Mufupa wa meno ukilika: njia tatu za upasuaji

Ugonjwa wa ufizi hauishie tu kwa damu wakati wa kupiga mswaki. Unakula pia mufupa wenye kushika jino, na jino linaanza kutikisika. Munganga wa meno anasafisha kwanza mizizi bila kupasua. Kama haitoshe, kuko njia tatu.

Ya kwanza: kufungua ufizi, kusafisha, kisha kushona. Ni rahisi, lakini mufupa unaorudi ni kidogo. Ya pili: kujaza shimo na unga wa mufupa, wa mugonjwa mwenyewe ao wa ng'ombe uliotengenezwa. Ya tatu: kuweka utando chini ya ufizi. Ufizi unaota mbio kuliko mufupa. Utando unauzuia, mufupa unapata nafasi. Waganga wa Uswidi walitangaza matokeo yake ya kwanza kwa mutu mwaka 1982.

Hizi mbili za mwisho zinafaa pale shimo ni refu na jembamba. Mufupa ukishuka sawasawa kwa meno yote, haurudi vizuri. Sigara nayo inapunguza faida.

Basi mbele ya kulipa, uliza munganga: radio ya jino langu inaonyesha shimo la namna gani?