Mawimbi ya Kabete na Joto la Ioni

Redio ilianza kutangaza Nairobi mwaka 1928, ikiwalenga zaidi walowezi waliotaka habari za Uingereza. Baadaye kazi hiyo ilishikwa na kampuni ya Cable and Wireless, na mawimbi yalirushwa kutoka Kabete, magharibi mwa Nairobi. Mawimbi mafupi yalifika mbali kwa msaada wa tabaka la juu la angahewa, ambalo mwanafizikia Edward Appleton alilithibitisha mwaka 1924. Huko jua huzivunja atomi zikawa ioni na elektroni huru, yaani plazma, nayo huyarudisha mawimbi ardhini.

Lakini plazma hainyamazi tu ikipigwa na wimbi. Mwaka 1933, mhandisi Bernard Tellegen, akiwa Uholanzi, alisikiliza kituo cha Beromünster cha Uswisi na nyuma yake akaisikia Radio Luxembourg, iliyotumia masafa mengine kabisa. Wanafizikia Bailey na Martyn walieleza kwamba wimbi kali la Luxembourg lilizipasha joto elektroni za angani, na plazma hiyo iliyopata joto ikalitia alama wimbi la jirani.

Ioni ni nzito, hazishtuki kirahisi hivyo. Ndani ya uga wa sumaku, hata hivyo, kila ioni huzunguka kwa mwendo wake maalumu: kiini cha haidrojeni, kwenye sumaku ya tesla 1, huzunguka mara milioni 15 kwa sekunde, yaani megahezi 15, katikati kabisa ya mawimbi mafupi ya redio. Wimbi la masafa hayo huiongezea nguvu kila mzunguko, kama mtoto anayesukumwa kwenye bembea kwa wakati wake.

Mwanafizikia Thomas Stix wa Princeton ndiye aliyeijenga hoja hiyo tangu miaka ya 1950, ili plazma ipate joto la kuunganisha viini. Njia iliyofaa zaidi inashangaza: haidrojeni kidogo, asilimia chache tu, huchanganywa na deuteri, yaani haidrojeni nzito; hiyo kidogo hunyonya wimbi, kisha hugongana na ioni nyingine na kuzigawia joto. Mtambo wa JET, Uingereza, ulitumia mawimbi ya takriban megahezi 25 hadi 55 pamoja na miale ya atomi. Oktoba 2023 ulitoa megajuli 69 kwa miligramu 0.2 za fueli, ingawa kuipasha plazma kulikula zaidi ya hapo.

Umeme wa kuunganisha viini haujaingia kwenye gridi ya nchi yoyote. Kinu cha nyuklia ambacho Kenya inakipanga ni cha kuvipasua.